Mama Paulina na Ioni za Kloraidi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kidato cha nne kizima, na mkono wa shati bado una chaki.

Mnajua hapa Babati najitolea kufundisha kemia, na wazazi ndio wanaoamua kama niendelee au nifungashe. Kikao kilikuwa leo saa nane mchana. Asubuhi wazazi walileta mahindi ya chakula cha shule, mwalimu mkuu akawakaribisha waingie madarasani watuone tukifundisha. Kwangu akaingia mmoja tu, Mama Paulina, mkulima wa Sigino, na buti zake za shamba. Nikamwamkia, nikampa kiti cha nyuma, nikamwambia asijali asipoelewa, haya mambo ni ya kitaalamu kidogo. (Mungu anisamehe.)

Swali lilikuwa hili: gramu 11.1 za kalsiamu kloraidi zina moli ngapi za ioni za kloraidi? Nikaandika CaCl₂ kwa mbwembwe. Moli moja ina gramu 111. Nikagawanya, nikapata 0.1. Nikatangaza kwamba ioni za kloraidi ni moli 0.1, nikawaagiza wazungushie boksi kwa kalamu nyekundu. (Nyekundu! Kiherehere changu.)

Mkono ukanyooka kule nyuma. Nikadhani mama anaaga.

"Samahani, mwalimu. Plau kumi zikiingia shambani, ng'ombe wa kuzivuta ni wangapi?"

Nikamjibu kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgeni, kwamba ni ishirini, maana kila plau inavutwa na wawili.

"Sasa hiyo kalsiamu yako si ina kloraidi mbili?"

Nikageuka ubaoni. Ile mbili ndogo ilikuwa pale, nimeiandika kwa mkono wangu. Kampaundi ni moli 0.1, ioni za kloraidi ni 0.2. Dasta sikuiona, nikafuta kwa shati. Nikawaambia wanafunzi nimekosea, nao wakaanza kuhangaika na wino mwekundu usiofutika.

Baada ya kipindi nikamfuata kumshukuru. Kumbe enzi zake alikuwa anaongoza darasa kwa kemia, akaacha shule ili amuuguze mama yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Saa nane mwenyekiti akauliza nani ameniona nikifundisha. Mama Paulina akasimama. Nikajua safari imeiva.

"Huyu abaki," akasema. "Amekosea, akawaambia watoto amekosea. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa akikosea anatuchapa sisi."

Kikao kizima kikacheka, wakanibakiza. Nimemshukuru yule mama mpaka akanikataza, na bado naona sijamaliza. Angeweza kuniangusha kwa neno moja, akaniinua.

Ila amesema Jumatatu anakuja tena, na safari hii atakaa mbele. Mkimaliza kucheka, niombeeni.