Pikipiki ya Baba Mkwe Inazimika Kwenye Vitesi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Matanga ya baba mkwe yamekwisha. Zimebaki mali mbili na wakwe wawili. Mali: pikipiki ya Kijapani aliyoinunua zamani akiwa bado kwenye kazi ya reli, na kabati lenye mlango mmoja. Wakwe: mimi Djuma, mume wa Régine, na Chishimba, mume wa dada yake Simone. Mama mkwe ameamua. Jumapili, mbele ya familia nzima, atakayeitoa pikipiki getini ikinguruma ni yake. Mwingine atabeba kabati.

Naitaka pikipiki. Naitaka mpaka naiota. Baba mkwe alinipakia nyuma hadi Likasi, akaniambia mimi ni mtoto wake. Chishimba ana yake tayari, anafanyia taksi. Ya pili ya nini?

Nimewahi mtaa wa Katuba asubuhi, uani kwa marehemu, kabla Chishimba hajaamka. Mateke mengi. Imewaka! Nikatia vitesi ya kwanza, yaani gia. Kimya. Nikatoa vitesi, nikapiga teke: inanguruma vizuri. Nikatia tena: kimya. Nikaukunja ule mguu wa pembeni inaoegemea, nipate kuisukuma kivulini. Ikaniangukia kwenye kidole. Mguu ule haukunjwi tena mpaka nijue ugonjwa ni nini.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua. Ni mafuta! Yale ya chupa za kando ya barabara yana maji. Nimemwaga yote, nimeweka mapya, nimesugua buji, ile plagi ya cheche, kwa mswaki wa Régine. Nimewasha. Nimetia vitesi. Kimya.

Sielewi. Mashine ikiwa haifanyi kazi yoyote, ni nzima. Ukiipa kazi, inakufa. Nina binamu wa namna hiyo, lakini yeye hana buji.

Mama mkwe alitoka jikoni, akaja upande wangu akinyoosha kidole kwenye pikipiki. Nilikimbia nikasimama nyuma ya choo. Katika familia hii mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye, mpaka amtolee kuku, ndipo heshima inalegezwa. Chishimba alitoa kuku wake zamani, sasa anakula naye meza moja. Mimi wazee wangu walitoka Maniema, hili kwetu halipo, ila nimelipenda kuliko wenyewe. Mama mkwe asiyeweza kusema nawe hawezi kukutuma sokoni. Kuku nitamtoa siku moja. Hakuna haraka.

Alhamisi, 12 Juni

Baridi kali, vumbi la Juni kila mahali. Na baridi ndiyo jibu! Usiku kucha nimefikiri: oili ya vitesi imeganda kama mafuta ya nyama kwenye sahani. Vyuma vinanata, mashine inakabwa. Dawa ni moto.

Nilichukua babula, jiko la makaa la mama mkwe, makaa yamekolea, nikaisukuma chini ya pikipiki. Moshi kidogo. Kisha moshi mwingi. Kumbe kiti kilikuwa kinaungua pembeni. Mama mkwe akatoka mbio na ndoo. Nifanye nini? Heshima ni heshima. Nikakimbilia nyuma ya choo, nikamwacha azime peke yake. Alikuwa akisema kitu kwa sauti, tena kirefu. Niliziba masikio, maana kusikiliza nako ni kama kuzungumza.

Jioni Régine amenieleza mama anasema nini: nikunje mguu wa pembeni, kisha nitie vitesi. Mguu ukiwa chini, pikipiki hiyo inajizima yenyewe, ndivyo ilivyotengenezwa, ili mtu asiondoke nao chini akaanguka. Marehemu aliukunja kila siku kabla ya kutia vitesi, miaka yote. Nimecheka. Mguu ni chuma cha kusimamia. Umeme unapitaje kwenye mguu? Nimemwambia Régine kwamba mama ana majonzi, tumwache apumzike.

Jumamosi, 14 Juni

Chishimba alikuja uani, akanitazama nikifungua ambreyaji, yaani klachi, kwa mara nyingine. Akaniambia taratibu, shemeji kwa shemeji: “Bofrere, kunja bekiye kwanza, njo utie vitesi.” Bekiye ndiyo huo mguu. Maneno yale yale ya mama mkwe! Basi wamepanga. Anataka niukunje, pikipiki iniangukie kifuani mbele ya wote, yeye achukue pikipiki na mimi nichukue kabati pamoja na plasta. Nilimshukuru sana. Sijaugusa.

Nina mpango bora. Nitaiwasha, nitaipa mafuta mengi mpaka ilie, kisha nitatia vitesi ghafla kabla haijajua. Mashine nayo inaweza kushtukizwa.

Jumapili, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Viti vilipangwa uani, familia yote imetoka misa. Nilianza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeihangaikia. Nimepanda. Ikalia. Vitesi! Kimya. Mara ya pili, kimya. Watoto wakaanza kucheka, Régine akainamisha kichwa. Nikapiga teke tena, ikawaka.

Ndipo mama mkwe akanyanyuka kwenye kiti chake cha ujane. Mbele ya wakubwa wote akanijia moja kwa moja, akasema: “Djuma, mutoto yangu, kaa tu, usikimbie.” Akaukunja ule mguu yeye mwenyewe, kwa kandambili yake.

Nikaruka nikakimbia. Nilifika nyuma ya choo kabla sijajua kwamba nimeiachilia. Chishimba akaidaka ikiwa inalalia upande wa mama mkwe, akapanda, akatia vitesi, ikatoka getini ikinguruma. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mkwe alisimama pale pale, anatazama choo. Nilimwona kwenye tundu la mlango. Alikuwa analia, na mimi nililia kwangu.

Jumatatu, 16 Juni

Chishimba amekuja hapa kwetu, mtaa wa Hewa Bora, na pikipiki yenyewe. Amesema: “Kamata, bofrere. Mama njo ananituma. Anasema iko ya kwako, mzee alikupendaka. Umupelekee tu kuku, na ukunje bekiye.” Régine alinishika mkono.

Nusura nikubali. Kisha nikafikiri. Nani anayegawa kitu kizima bure? Nikamwambia ngoja tuone. Nikaisimamisha imara kwenye mguu wake, nikawasha mbele yao wote, nikatia vitesi ya kwanza.

Ikazima.

Nimemwonyesha kwa kidole, nimekataa kwa adabu. Chishimba akaukunja mguu, akapanda, akaondoka nayo ikinguruma mpaka kwenye kona. Régine amejifungia chumbani. Namwonea huruma Chishimba, amebaki na pikipiki mbovu.