Ukurasa wa 413

Jumatatu, 4 Machi
Darasa la Kiingereza la watu wazima limebaki bila mwalimu. Nilidhani kiti ni changu, mwalimu mstaafu. Kumbe Posta naye anakitaka! Mtu aliyegawa barua miaka thelathini. Elimu yake ni anwani za watu. Mama Cherehani, fundi nguo na mwenyekiti wa darasa, ameamua tupimwe Ijumaa mbele ya wanafunzi. Neno ni moja, "milestone". Tueleze maana yake ya kawaida na ya kimafumbo. Kamusi ya darasa ni moja tu. Kesho nakaa nayo mimi, keshokutwa Posta.

Jumanne, 5 Machi
Mama Cherehani hukabidhi kamusi kama anayekabidhi mtoto mchanga. Hupekua kurasa zote, ndipo mtu atie sahihi daftarini. Nikamweleza kuwa anapoteza muda. Akasema, mzee, sahihi hapa.

Chini ya ukurasa wa 412 nikakuta maana ya kwanza: jiwe la kando ya barabara lionyeshalo umbali. Ya kimafumbo iko 413. Wazo likanijia. Posta asiione! Nikauchana ukurasa kwa rula, maana msomi hachani ovyo. Nikautia mfukoni mwa shati niusome nikishapumzika. Usingizi ukanichukua mzimamzima.

Jumatano, 6 Machi
Shati liko kambani, linachuruzika maji. Mke wangu amesema alikuta donge la karatasi mfukoni, akalitupa, na kama nina siri basi nifue mwenyewe. Nimerudisha kamusi. Mama Cherehani alikuwa anabishana na mteja kuhusu kiuno cha gauni. Akaipokea bila kuitazama. Nyota yangu bado inawaka.

Ijumaa, 8 Machi
Nilianza mimi. Nikaeleza jiwe: kimo chake, rangi yake, namna linavyochimbiwa. Dakika ishirini. Watu wawili walisinzia kwa heshima. Mama Cherehani akauliza maana ya kimafumbo. Nikasema ni mtu anayekaa pale pale huku wenzake wakipita. Posta akauliza kwa upole kama namsema mtu tunayemfahamu. Ukumbi mzima ukacheka.

Zamu yake, akasema ni hatua kubwa katika safari ya maisha, kama siku Mama Cherehani aliponunua cherehani yake ya pili. Mama akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa. Nikauliza, kwa ukali wa haki, ameipata wapi wakati 413 haipo. Akajibu kuwa alimuuliza binti yake, muuguzi. Kuuliza! Njia ya watu wasio na mipango.

Kisha Mama Cherehani akauliza mimi nimejuaje kuwa 413 haipo. Akafungua daftari: nilipochukua mimi, kurasa kamili; alipompekulia Posta, umepungua mmoja. Kando ya "kamili", sahihi yangu, nzuri sana.

Jumamosi, 9 Machi
Posta ndiye mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, kiti cha nyuma, na nimeagizwa kunakili 413 kwa mkono kutoka kamusi ya muuguzi, ibandikwe mahali pake. Nimenakili kwa hati safi. Ila kwenye "milestone" nimeongeza maana ya tatu, ya kwangu: mgawa barua asiyejua kitu. Jumatatu Posta ataisoma kwa sauti mbele ya darasa zima. Hakuna atakayejua imetoka wapi.

Kazi nzuri namna hii haifai kukosa mwenyewe. Nimetia sahihi chini.