Trela Haiuzwi, na Namba Kumi na Mbili Itakuwa Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Tressa, huna adabu! Nimekubeba miezi tisa, kiangazi kile cha joto la kuyeyusha lami, leo unakuja uani kwangu na gundi na karatasi, unabandika INAUZWA kwenye dirisha la trela yangu, nyumba yangu ya magurudumu! Mama yako hajafa. Hata kukohoa hajakohoa. Herufi nyekundu, na namba yako ya simu chini, kubwa kama namba ya zimamoto. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Nimemwambia aibandue. Kakataa. Kasema tangu baba yake afariki mimi ni hatari barabarani. Hatari! Mimi! Eti kwa sababu ya Pasaka. Pasaka niliondoka kambini nikasahau kuchomoa waya wa umeme, nguzo ikanifuata mpaka barabara kuu. Nguzo yenyewe ilikuwa imeoza. Nguzo nzima isingekubali kufuata mtu.

Tumebishana mpaka mkate wa mahindi ukaungua. Mwisho tumepatana. Jumamosi chama chetu cha matrela kinakutana Ziwa la Pecan. Tressa atakuja saa nne asubuhi. Nikiegesha trela mwenyewe, bila mwanamume kwenye usukani, bila kugonga kitu, karatasi inatoka. Nikishindwa, Jumapili anakuja mtu kutoka Conway kuichukua.

Nimesema sawa, tena kwa sauti. Kisha nimeingia ndani nikakaa.

Kurudi nyuma sijui.

Kwenda mbele hakuna wa kunifundisha. Pikapu ya marehemu mume wangu Harlan naijua kuliko ninavyoyajua magoti yangu. Lakini kurudisha trela nyuma ilikuwa kazi yake. Mimi nilisimama kule nyuma nikimpungia mikono na kumwelekeza. Miaka arobaini. Akili ilikuwa nyuma, mbele palikuwa na mikono tu. Sasa mikono imekufa, Mungu airehemu.

Makabati ya trela ile Harlan aliyapiga mwenyewe, kwa kipimo cha ufupi wangu. Huyo wa Conway atayafungua akichuchumaa? Haiuzwi!

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kujizoeza uwanja wa kanisa. Ukizungusha usukani kushoto, trela inakwenda kulia. Nani alipanga hivyo? Nimeikemea. Haikusikia.

Nimelaza ubao wa matangazo ya kanisa. Mchungaji Lonnie katoka mbio, kasema taratibu, dada Oleta, taratibu. Nimemuuliza nani anaweka ubao mahali watu wanapopita. Kasema pale ni kwenye nyasi. Basi nyasi ziwekwe mbali.

Nimerudi nyumbani na akili mpya. Niliishia darasa la sita, lakini hili nalijua: mtu mwerevu hajifunzi asichokihitaji. Pale ziwani nafasi zote ni za kurudi nyuma isipokuwa moja tu. Unaingia huku, unatokea kule, kama shati. Namba kumi na mbili. Nikiipata hiyo, nimeegesha, Tressa atasema nini?

Shida ni Idabel Stubbs. Kila mwaka anakaa kumi na mbili kama amezaliwa pale. Idabel huyu ndiye aliyenishinda kwenye mashindano ya pai ya pichi, kwa pai ambayo mimi nasema aliinunua dukani. Ushahidi sina. Pua ninayo.

Nimempigia simu. Nimemwambia kwa huruma kabisa kwamba nimesikia namba kumi na mbili imejaa siafu wekundu, wale wanaouma mpaka mtu anaimba. Kasema ahsante sana shoga, dawa anayo.

Jumatano, 5 Juni

Nimewahi ziwani siku tatu kabla. Anayefika kwanza ndiye anayechagua, hiyo ndiyo sheria. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu.

Idabel yuko pale tangu Jumatatu! Katandika zulia lake la kijani nje ya mlango. Katundika lile turubai la kivuli lenye mistari. Kapanga ndege heroe sita wa plastiki, rangi ya waridi, shingo juu kama yeye. Kanipungia mkono. Kasema siafu hakuwaona, labda walinisikia nakuja.

Iliyobaki ni namba kumi na tatu, jirani yake. Upande mmoja mwaloni, upande wa pili Idabel. Katikati upana wa jeneza.

Trela nimeiacha kwenye uwanja wa mashua. Nimelala kati ya mashua mbili kama samaki. Lakini kichwa hakikulala.

Alhamisi, 6 Juni

Orbie! Mbona sikumfikiria mapema? Orbie ni mume wa Idabel. Mtu mpole, husema maneno manne kwa siku, na matatu ni "ndiyo, mama chanja". Anarudisha trela nyuma kama mtu anayesukuma droo. Na anapenda pai yangu. Kila mwaka anaila nyuma ya choo cha kambi, mkewe asimwone.

Nimeoka pai. Nimengoja Idabel aende kwenye bingo. Nimemwita Orbie, nimefunua kitambaa, mvuke ukamfika. Nimemwambia kazi ni ndogo. Kauliza Tressa akijua je. Nimemwambia Tressa alisema niegeshe Jumamosi, hakusema Alhamisi kusiwe na mtu.

Dakika nne! Imeingia ikalala. Mimi nilisimama nyuma nikaelekeza, kwa hiyo kwa haki ni mimi niliyeiegesha. Nimetia kabari kwenye magurudumu, nimeunga maji, umeme na bomba la choo, nimetoa viti. Tressa atakuta mama yake anakunywa chai ya barafu kivulini. Atauliza, uliwezaje? Nitasema, mwanangu, kwa utulivu.

Jumapili nyingine nitasali kidogo zaidi. Yameisha.

Ijumaa, 7 Juni

Hayajaisha.

Watu wote wa matrela watakwambia koki ya tangi la choo ifungwe mpaka tangi lijae, ndipo uifungue. Harlan alisema. Kitabu kinasema. Orbie katumia maneno yake yote manne ya jana kuniambia hivyo hivyo. Mimi nimeiacha wazi. Kitu cha kutoka kitoke, cha nini kukiwekea akiba?

Sasa najua cha nini. Maji yametoka yote. Kilichobaki kimebaki kwenye tangi. Kimejijengea kilima. Asubuhi kilima kimefika mdomoni mwa choo, sitaeleza zaidi, mimi ni mwanamke wa kanisa.

Upepo ukaelekea kwa Idabel. Kaja na kitambaa puani. Kauliza kama nimefuga nguruwe. Nimemwambia siwezi, nafasi ya nguruwe kaichukua yeye. Kaenda kunisemea kwa Faye, msimamizi wa kambi. Faye kasema nitengeneze kabla ya jioni au niondoke.

Dawa naijua, Harlan alinifundisha. Mifuko miwili ya barafu na chupa ya sabuni ya vyombo, vyote chooni, halafu unaendesha. Barafu inasugua humo ndani kama mama mkali. Lakini lazima uendeshe! Lazima utoke kwenye nafasi yako!

Nimetoka, machozi yananilenga. Nimezunguka ziwa mara tatu. Kila tuta nililipita kwa kasi, nikisikia galagala nyuma, wavuvi wakisimama kuangalia. Nikaenda kumwaga kwenye shimo la maji machafu la kambi. Kilima kimekwisha! Tangi safi kama sahani. Sabuni nilitia nyingi kidogo. Povu lilifika kwenye ofisi ya Faye.

Nimerudi nimtafute Orbie. Orbie kakaa mlangoni kwake, kainamisha kichwa. Idabel kasimama nyuma yake, kashika bakuli langu la pai, tupu. Kasema Orbie hatagusa usukani wa mtu mpaka Krismasi.

Uwanja wa mashua tena.

Jumamosi, 8 Juni

Sina mpango. Mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Saa nne kamili Tressa kafika, na uso wa hakimu. Mnajua watu wa kambi walivyo. Trela ikianza kurudi nyuma, kila mmoja anatoa kiti chake cha kukunja na kinywaji. Kuna sinema gani inayofaa kama hiyo? Hata mimi nimewacheka wengi. Leo viti vilikuwa ishirini na sita. Nilivihesabu kwenye kioo cha pembeni.

Mara ya kwanza nikaelekea ziwani. Mtu mmoja akauliza kama trela inajua kuogelea. Mara ya pili karibu niubusu mwaloni, nikasimama unene wa kidole. Mara ya tatu pakasikika kra! Heroe mmoja wa Idabel amelala kifudifudi, shingo huku, mwili kule.

Tressa kainuka. Kasema mama, basi, nilisema bila kugonga kitu. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Nikashika usukani pale ambapo Harlan ameuchakaza kwa vidole vyake. Nikawaza makabati yale na mtu wa Conway akichuchumaa.

Ndipo Idabel akainuka. Nikajua sasa ananimaliza. Kaokota shingo ya heroe, kaiangalia, kamwambia Tressa mbele ya watu wote kwamba huyu alikuwa amevunjika tangu jana.

Uongo mtupu! Jana nilimwona mzima!

Kisha kasema makubaliano ni mwanamume asikae kwenye usukani, hakuna aliyekataza mwanamke kusimama nyuma. Kaja nyuma ya trela yangu, kainua mikono yote miwili, kaanza kupiga kelele.

"Kulia! Kulia, nimesema! Kwenu kulia ni wapi, bibi wee? Simama! Huyo ni mwaloni, si mume wako! Haya, kidogo kidogo, nyoosha, nyoosha, usijifanye hunisikii!"

Mdomo ulinijaa majibu. Mengine mazuri sana. Lakini ukijibu husikii, na usiposikia unagonga. Nikameza. Nikafuata. Nikameza tena. Na pale, huku shoga huyu akinitukana mbele ya viti ishirini na sita, nikamkumbuka Harlan. Miaka arobaini nimempigia kelele hizo hizo. Hakunijibu hata siku moja. Nilidhani hana la kusema.

Trela ikaingia. Imenyooka. Mwaloni mzima, Idabel mzima. Watu wakapiga makofi, Orbie akapiga mluzi. Tressa kabandua karatasi kwa mkono wake, kanikumbatia, kasema baba angefurahi. Nimemwambia nilijua toka mwanzo kwamba naweza.

Idabel nimemuuliza kwa nini. Kasema nikiondoka mimi, atamshinda nani kwenye pai?

Jioni tumekula pamoja, kila mtu na chungu chake. Nimekula pai yake. Si ya dukani. Sitalisema hili kwa mdomo.

Nimefua gauni langu lililonasa povu la jana. Nimefunga kamba ya nguo, ncha moja kwenye trela yangu, ncha nyingine kwenye mlingoti wa turubai la Idabel. Kasema nisisahau kuifungua kesho. Nimemwambia mimi si mtoto.

Jumapili, 9 Juni

Nimeondoka kambini kama malkia! Ile orodha ya kukagua kabla ya safari sikuigusa. Orodha ni ya wanaoanza. Waya nimechomoa, kabari nimetoa, nikatia gia.

Kila mtu alinipungia. Si kwa mkono mmoja, kwa miwili! Faye karukaruka. Idabel katoka na nguo ya kulalia, anapiga kelele za kuniaga. Orbie alinikimbilia mpaka lango la kambi, mtu mwenye goti bovu. Sijawahi kuagwa hivyo. Nilipiga honi mpaka njia panda.

Nyumbani nimeshuka, nikaenda nyuma. Kamba ya nguo ipo. Gauni lipo. Mlingoti upo. Turubai la Idabel lote lipo, na heroe watatu wamefungamana nalo kama kuku wa sokoni.

Si kosa langu. Mlingoti haukufungwa vizuri. Mlingoti uliofungwa vizuri haufuati mtu.

Nimeketi nikafikiri, na Mungu hufungua mlango. Mtu akishalikimbiza turubai lake mara moja, kambi humchosha. Na ile karatasi ya INAUZWA sikuitupa. Haina mkunjo, wino mwekundu unang'aa, hata namba ya simu ya chini inasomeka mpaka ng'ambo ya barabara. Ikikaa kwenye trela ya Idabel wiki moja tu, mnunuzi atakuja, na mwakani namba kumi na mbili itakuwa tupu.

Pai iko jikoni, inaiva. Orbie nitampigia simu aje kesho saa mbili na ngazi, achukue turubai lake, asimwambie mkewe. Akimaliza kula apewe karatasi. Aibandike dirisha la nyuma la trela yao, aipake gundi pembe zote nne, na isipinde!