Maoni Yafungwe Mpaka Mwanangu Arudi Kula

Siluo, nyuma ya ghala la vitunguu,
Tarehe 18, mwezi wa kumi na mbili kwa kalenda ya mwezi.

Kwa Mwalimu Kang,
Mwendeshaji wa kipindi cha redio "Meza ya Maoni".

Mwalimu Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUFUNGA MAONI YOTE KUANZIA TAREHE 24 MPAKA MUNGU WA JIKONI ATAKAPORUDI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na koo lako likiwa salama, maana nalisikia likifanya kazi kila siku kuanzia saa sita mchana hadi saa nane. Sisi huku Siluo hatujambo. Vitunguu saumu vimesimama vizuri, mvua haijatuudhi, magoti yangu yanauma kwa kiasi cha kawaida. Shida tuliyonayo ni wewe.

Niwie radhi, mwalimu. Nilitaka kulifikia neno hilo polepole, lakini naandika kwa wino na wino haufutiki. Shule nilikwenda miaka minne tu, kisha nikarudishwa nyumbani kumbeba mdogo wangu mgongoni. Ukiona herufi imelala, iinue wewe uliyesoma.

Mume wangu unamfahamu. Ndiye yule "Mzee Liao wa Siluo" anayepiga simu mara tatu au nne kwa wiki. Wewe humwambia, "Karibu Mzee Liao, ila kwa kifupi." Nimeishi naye miaka arobaini na mitatu na hicho kifupi sijakisikia. Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba, kama unavyofanya wewe kabla ya matangazo ya dawa.

1. Mlo wa mchana. Mume wangu anakula kwa kijiti kimoja, cha pili anamnyooshea mgeni wako aliyemo ndani ya redio. Samaki anapoa, mchuzi unaganda. Mwezi uliopita, yule Daktari wa Uchumi alipokuwa anaeleza kwa nini mayai yamepanda bei, mume wangu alimeza mwiba. Nilimpiga mgongoni kwa mikono miwili mpaka ukatoka, na neno lake la kwanza baada ya kuvuta pumzi lilikuwa "Mwongo!" Nilidhani ananiambia mimi. Kumbe alikuwa akingoja zamu yake ya kumjibu Daktari.

2. Yule mwimbaji aliyeachana na mkewe. Jina silitaji, nyinyi mmeshalitaja la kutosha. Wageni wako wanne, wanaume watupu, walikaa siku tano kutafuta kosa ni la nani, wakakubaliana ni la mke, kwa sababu kwenye picha hacheki. Mume wangu akalibeba neno hilo likiwa moto mpaka jikoni mwa hekalu, tulipokuwa tunamenya figili za karamu, akalimwaga mbele ya jirani yetu Dada Su, ambaye naye ameachika. Dada Su akaweka kisu chini. "Kaka Liao, hebu nitazame usoni. Mimi nacheka au sicheki?" Mume wangu akajibu kwamba ni vizuri kusikiliza pande zote. Tangu siku hiyo Dada Su hanisalimu, na yeye ndiye mwenye kile chombo kikubwa cha mvuke ninachoazima kila mwaka kupikia keki za mchele za mwaka mpya. Mwimbaji, nasikia, amesharudiana na mkewe. Mimi na Dada Su bado.

3. Kimbunga. Mkuu wetu wa wilaya alipotangaza watu wasiende kazini wala shuleni, na kimbunga chenyewe kikapitia zake mbali baharini, mlimchambua kuwa ni mwoga anayenunua kura kwa siku ya kulala. Mara ya pili hakutangaza, kikaja. Mkamchambua kuwa hana huruma. Siku hiyo mume wangu alikuwa juu ya paa akigongelea bati, redio imefungwa kiunoni kwa kamba, anapiga kelele, "Nilisema! Nilisema!" Mimi nimeshika ngazi kwa chini, nimelowa mpaka mifupa. Nikamuuliza, "Ulisema nini? Wewe si ndiye uliyemwita mwoga?" Akanijibu, "Mama Yung-chieh, wewe shika ngazi, siasa niachie mimi!" Nikashika. Bati likaondoka.

4. Dawa. Hapa nakuomba uweke mkono kifuani. Nusu saa ya kwanza mnampandisha presha kwa habari za bungeni, halafu mnamuuzia vidonge vya kuishusha. Mkimaliza uchaguzi mnaleta dawa ya ini, mkimaliza mpira mnaleta dawa ya viungo. Ini la mume wangu lilikuwa zima mpaka alipokusikia ukilieleza. Sasa analishika kila spika wa bunge anapoongea.

5. Hili ndilo, mwalimu. Yale manne ya juu ningeweza kuyameza. Hili limenikaa kooni, na mimi sina wa kunipiga mgongoni.

Tuna mtoto mmoja wa kiume, Yung-chieh, anakaa mjini Taichung, anatengeneza lifti. Mwezi wa tisa, siku moja baada ya fainali ya besiboli, alikuja na mkewe Ya-hui kula nasi mchana. Redio ilikuwa mezani, kati ya samaki na kachumbari, mahali ambapo kwa watu wengine huwekwa mchuzi. Ukauliza kama kocha alifanya sawa kumtoa yule mrushaji kijana katika awamu ya saba, hali hakuna mpira wake hata mmoja uliokuwa umepigwa, akamwingiza mwingine, na timu ikashindwa. Mgeni wako mmoja akasema kocha afukuzwe. Mwanangu akasema, "Kweli kabisa."

Mume wangu akaweka vijiti chini. "Kweli ipi? Mkono wa yule kijana ulikuwa umekwisha. Aliokolewa."

"Nani alimuuliza yeye kama umekwisha?"

"Mkono hauulizwi, unaonekana."

"Wewe siku zote unamtoa mtu wakati bado anaweza, baba."

"Na wewe siku zote hujui kama umechoka."

Hapo nikajua hawazungumzii tena kocha. Mwanangu alipokuwa na miaka kumi na miwili alikuwa mrushaji wa shule, na siku ya mechi ya mwisho baba yake aliingia uwanjani kwa viatu vya shambani, akamshika mkono akamtoa mbele ya watu wote, kwa sababu kiwiko kilikuwa kimevimba. Wakashindwa. Yung-chieh hakurusha mpira tena. Wanaume hawa wawili wamebishana kwa miaka ishirini na saba juu ya waamuzi, mameya, bei ya mchele na talaka za watu, wala siku ile hawajaitaja. Na kitu kimoja nikuambie, mwalimu, kwa kuwa hunijui: aliyemtuma baba yake uwanjani ni mimi. Nilikuwa nyuma ya wavu nalia. Nilisema, "Nenda kamtoe mwanangu." Yeye alikwenda tu.

Basi mwanangu aliondoka na bakuli la wali likiwa nusu. Nusu saa haikupita, mume wangu akakupigia simu, na wewe ukampokea. Akaiambia nchi nzima kwamba ana mtoto wa miaka thelathini na tisa asiyejua tofauti ya ushujaa na kiburi. Ukacheka. Ukasema, "Mzee Liao leo amewaka!" Mwanangu alikuwa barabara kuu anaendesha gari, redio iko wazi. Ya-hui aliniambia kwamba alisogea pembeni, akasimamisha gari, akakaa.

Hajarudi tangu siku hiyo. Hapigi simu. Ya-hui hunipigia akiwa bafuni amefungua bomba ili asisikike, nami napokelea kwenye banda la mbolea. Siku ya baridi kuu hakuja kula vile vidonge vya unga wa mchele, na kwa kuwa kwa mila yetu asiyevila haongezi mwaka, kwa hesabu ya nyumba hii bado ana thelathini na tisa. Nimemwambia mume wangu, "Mpigie mwanao." Anasema, "Anajua namba." Nimemwambia Ya-hui, "Mwambie ampigie baba yake." Anasema, "Mama, anasema baba anajua namba." Namba wote wanaijua. Wanaokosekana ni watu.

"Wewe mwanamke unajua nini kuhusu mpira?" ananiuliza mume wangu. "Wewe unajua vitunguu saumu." Ni kweli. Na vitunguu saumu havijawahi kumfukuza mtoto wa mtu mezani.

Sasa naja kwenye ombi. Tarehe 24, kama kila nyumba, tutamsindikiza mungu wa jikoni aende mbinguni kutoa taarifa ya mwaka. Amekaa pichani juu ya jiko langu siku zote hizi. Amesikia kila nilichosema kuhusu marehemu mama mkwe wangu. Anajua kuliko Daktari wa Uchumi. Hata hivyo hatumwachi aende hivi hivi: tunampaka sukari ya kunata midomoni, ili aseme matamu, au kinywa kigande asiseme kitu. Kama mungu aliyeshuhudia kwa macho yake haruhusiwi kutoa maoni bila kupakwa sukari, wageni wako wanne, ambao hawajawahi kuingia jikoni kwangu, waliruhusiwa na nani?

Kwa hiyo naomba kuanzia tarehe 24 mpaka tarehe 4 ya mwezi wa kwanza, miungu itakaporudi, kila mgeni akae na donge la sukari hiyo kinywani. Nitatuma kopo mimi mwenyewe, linatosha watu wanne. Kuhusu kinywa chako, mwalimu, naiachia dhamiri yako. Mnaweza kupiga muziki, au kutangaza dawa tu, nami naahidi kununua ile ya magoti.

Kama hilo ni gumu, basi waambie wakubaliane. Kila atakachosema mmoja, watatu waseme "ndivyo." Serikali nzuri, upinzani mzuri, mayai mazuri, mwimbaji mzuri na mkewe mzuri. Siku kumi tu. Nchi haitaanguka, na ikianguka, mtakuwa na la kuzungumza tarehe 5.

Kama hata hilo haliwezekani, naomba utangaze kwamba fainali ile haikuchezwa. Sema ilinyesha. Najua uwanjani walikuwepo watu maelfu, lakini watu wetu wakiombwa kwa adabu, tena kwa ajili ya sikukuu, watanyamaza. Na yule mrushaji kijana, kama ana mama, nitamwandikia mimi. Ataelewa.

Mlo wa mkesha wa mwaka mpya una viti vinne, mwalimu. Sina ninachoomba zaidi ya hicho cha tatu na cha nne.

Nisalimie mkeo na watoto, mafundi wa mitambo, yule binti mwenye adabu anayepokea simu za mume wangu na kumwambia "subiri kidogo, mzee" bila kuchoka, na wasikilizaji wote wa upande wetu na wa upande wa pili. Hata Daktari wa Uchumi msalimie. Mwambie mayai yameshuka.

Ni mimi, mwenye heshima na roho juu,
Chung Yu-tsui
(mke wa Mzee Liao wa Siluo)

Nyongeza, tarehe 19, bahasha bado haijafungwa:

Mwalimu Kang, simama hapo hapo. Usifunge chochote.

Leo mchana tulikuwa shambani tunapalilia, redio kiunoni kwa mume wangu, nikasikia ukisema, "Tuna Bwana Liao wa Taichung, karibu, kwa kifupi." Akaanza. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya nne, nikajua huyu ni wa kwetu kabla sijaitambua sauti. Akasema, "Yule mzee wa Siluo anayewaambia kila wiki habari za mkono, mwambieni mkono ule ulikuwa umebakiza mipira ishirini ya kurusha."

Mume wangu aliacha jembe likaanguka juu ya vitunguu. Alibonyeza simu kwa vidole vya matope, namba ikakosewa, akairudia. Sijui ulifanyaje, mwalimu, lakini uliwaweka wote wawili hewani. Na mume wangu, baada ya miezi mitatu, alianza hivi: "Wewe kijana wa Taichung, mbona sauti imekauka? Umerudia sigara?"

"Hilo haliko kwenye mada, mzee."

"Basi tuje kwenye mada. Mipira ishirini kwa hesabu ya nani?"

Wakashikana. Nilikaa chini kwenye tuta nikawasikiliza wote wawili, mmoja redioni, mmoja mbele yangu akirusha mikono. Halafu ukaingiza tangazo la dawa ya ini. Mume wangu alikutukana, sitarudia. Simu yake ikalia hapo hapo. Nilisimama karibu, nikasikia yote.

"Baba, nilikuwa sijamaliza."

"Hata mimi bado."

"Nakuja tarehe 28. Nina karatasi za takwimu."

"Njoo nazo zote. Mlete mkeo awe shahidi. Na mama yako mwambie mwenyewe, mimi si mjumbe wako."

Kwa hiyo, mwalimu, yale malalamiko manne yahesabu kuwa ni porojo za mwanamke aliyekosa usingizi, na lile la tano lichome. Kipindi kisifungwe hata siku moja. Kuanzia tarehe 28 mpaka tarehe 4 ukiongeza saa moja nitashukuru, na wageni wabishane kwa nguvu zao zote, ila juu ya swali lile lile. Na kama kati yao yumo mtu anayejua kwa hakika kabisa kwamba kocha alikosea, au kwamba alifanya sawa, nakuomba kwa magoti yangu haya mabovu, mfungie nje ya studio.