Ombi la Kurudishwa Majini

Kwa Kapteni Orrin Haugen,
Chombo Shangazi Dora,
Gatini, Homer, Alaska.

Mheshimiwa Kapteni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na bahari imetulia. Mimi ni Tessa, mke wa Gunnar Sather, yule abiria wa safari ya kuvua aliyetapika kwenye ndoo ya chambo. Nakuandikia huku nikimbembeleza Axel kwa mguu, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko.

Jumamosi Gunnar alirudi mikono mitupu, uso unang'aa kama bwana harusi. Alikuwa amenasa halibuti, yule samaki bapa, mpana kama mlango wa jikoni. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema, "Tumemwachia, mpenzi. Kapteni anasema wakubwa hao ni majike, wamejaa mayai. Katuambia, 'Huyu ni mama, jamani, amechoka. Mrudisheni akapumzike.'"

La friza kuwa tupu na baridi inakuja silisemi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Samaki huyo ana mayai tu. Wangu wamekwisha kuanguliwa, Maren na Axel, na mmoja ana meno. Aliyewahi kuniambia nimechoka ni mama mkwe peke yake, naye alikuwa anazungumzia sura.

2. Nasikia samaki mkubwa akishika ndoana, abiria wote, watu wasiojuana, huvuta mishipi yao juu ili wampishe mwenzao. Kwetu Axel akilia tupo watu wazima wawili tunaojuana sana, na mmoja hageuki hata ubavu.

3. Alichomolewa ndoana taratibu, na baharia wako akampapasa kichwani, "Pole, bibi mkubwa." Mimi nilipojifungua Maren, Gunnar aliniuliza soksi zake ziko wapi.

4. Macho yake yote yako upande mmoja. Hata yangu, Kapteni. Yote yako kwa watoto. Upande wa pili wa dunia sijui kunaendelea nini.

Kwa hoja hizo, naomba kwa heshima nitambuliwe kuwa halibuti. Kupigwa picha kama samaki wenu sidai. Nichukueni siku moja, utangaze mbele ya abiria kwamba huyu ni mama, kisha mniache nilale kwenye kitanda cha chini, nisiguswe mpaka jioni. Kama kulala chomboni hakuruhusiwi, nitupeni majini. Huko chini angalau hakuna anayeita.

Gunnar anakusalimu, ingawa hajui. Maren anawasalimu samaki wote. Msalimie baharia, na abiria wote waliovuta mishipi.

Wako kwa heshima na usingizi,
Tessa Sather

Tanbihi: Barua hii ilikwama mlangoni mwa jokofu kwa sababu Axel aliota jino jingine. Gunnar akaisoma. Jumamosi iliyofuata akanivika koti lake, akanisukuma nje nije chomboni kwako, "Nenda ukalale." Mengine uliyaona mwenyewe. Sijafika kitandani, mtu akaniomba nimshikie fimbo yake ya kuvulia, ikapinda. Watu wakavuta mishipi. Alipoibuka halibuti, mpana kuliko wa Gunnar, ukaniuliza kwa upole, "Bibie, huyu ni mama. Tumwachie akapumzike?" Nilimtazama macho yake yote mawili, naye akanitazama, tukaelewana kabisa. Ndipo nikasema, "Mpandisheni. Nina watoto."

Friza sasa halifungi. Barua naituma vilevile, maana ombi la kulala liko palepale. Ila safari ijayo naomba niwekewe fimbo karibu na kitanda.