Waya wa Constantin

Jumatatu, 15 Mei 1989

Leo Mungu amenikumbuka. Mama Kulthumu, mwuza unga wa sokoni, ameniletea lori lake jipya! La Kimarekani, la petroli, na chini ya dashibodi kuna ordinatere, kompyuta ndogo inayoamuru mashine. Mtaani kwetu Katuba hakuna la pili.

Lilikuja kubadilishwa oili tu. Lakini fundi wa kubadilisha oili nani atamkumbuka? Nikamwambia Mama Kulthumu kwamba delko, ile inayogawa moto kwa buji, yaani plagi, naiona imechoka, na kwamba mambo ya ordinatere nimeyasomea Kinshasa. (Kinshasa nimefika. Siku mbili. Nilikuwa naumwa tumbo.) Nikaichomoa delko mbele ya macho yake, nikaipangusa vizuri, nikairudisha.

Sikuweka alama ya mahali ilipokaa kabla ya kuichomoa. Jambo dogo.

Mashine imekataa kuwaka.

Jumanne, 16 Mei

Inawaka, ila inakohoa. Cheche zinaruka si kwa wakati wake. Kwa lori la kawaida sina haja ya chombo chochote: nazungusha delko polepole, nasikiliza, sikio linaniambia simama. Leo sikio limeniambia simama mara nne, kila mara mahali pengine.

Saa nne Mama Kulthumu akaja na Citoyen Mwenze, mkuu wa wacheza ngoma wa Chama mtaani kwetu. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa mzigo. Jumamosi ni tarehe ishirini, sikukuu ya Chama, na lori hili ndilo litakalobeba wacheza ngoma thelathini kwenda kwenye gwaride mjini. Kwa ahadi hiyo Mama Kulthumu amepata karatasi ya kuvuka mpaka wa Zambia pale Mokambo kuchukua unga. Lori lisipofika, karatasi inarudi ilikotoka.

Mwenze akatoa kalamu, akaniuliza Aruna inaandikwa kwa H au bila H. Aliuliza kwa upole mno. Mtu wa mwisho kuandikwa na kalamu ile aliitwa kujieleza. Alirudi baada ya wiki tatu, na mpaka leo ukimsalimu anaruka.

Mama Kulthumu alisema lori likifika salama, mimi ndiye fundi wake mpaka kifo. Hakusema kifo cha nani. "Aruna, mi nakuaminia weye," aliniambia akiondoka. "Usinipatishe haya mbele ya bantu."

Bila H, nilimjibu Mwenze.

Jumatano, 17 Mei

Sina njia. Nahitaji taa ya kupimia, ile inayopepesa kila cheche inaporuka. Unamulika puli ya mbele, unaona alama imesimama kwenye namba gani. Na mwenye taa hiyo ni mmoja tu, Constantin, wa karakana ya ng'ambo ya barabara.

Constantin! Tulifanya kazi pamoja kwenye karakana kubwa ya kampuni. Siku moja nilichomoa waya ambao haukuandikwa kwenye karatasi yangu ya kazi. Karakana yote ikawa giza, pamoja na ofisi ya mkubwa, na mkubwa akiwa ndani. Nani aliyenitaja? Constantin. Yeye anasema hakunitaja, aliulizwa. Nilifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na nikaapa kwamba waya wa watu sichomoi tena maishani.

Nilimtuma mke wangu Amida akaazime taa kwa Brigitte, mke wa Constantin, maana hao wawili hupatana vizuri mno. Amerudi nayo imefungwa ndani ya karatasi, na karatasi ina mwandiko wa Constantin. Ati kabla ya kupima nichomoe waya mmoja wa kahawia wenye mstari mweusi, nyuma ya mashine. Nisipouchomoa, ordinatere itakuwa inasogeza moto yenyewe kila nikipima. Nikimaliza niurudishe, la sivyo lori halitakuwa na nguvu njiani.

Nichomoe waya! Mimi! Mbele ya kalamu ya Mwenze! Anadhani ndege mmoja hunaswa mara mbili kwa mtego uleule. Karatasi nimeiwashia mbabula, jiko letu la makaa. Amida akanung'unika: "Aruna, pengine ile anasema iko kweli." Nikamwambia achunge uji wake.

Chini ya kapo, yaani boneti, kuna kibandiko kinachosema moto uruke kwenye namba sifuri. Kuna na maneno mengine ya Kiingereza, mengi, yenye herufi kubwa. Ya garanti, bila shaka. Nikapima: ishirini. Nikazungusha delko mpaka sifuri, nikakaza nati. Kumbe ni kazi rahisi!

Alhamisi, 18 Mei

Asubuhi nimepima tena, kwa raha zangu tu. Kumi na nne!

Mtu ameingia uani kwangu. Nikarudisha sifuri, nikaenda kunywa chai. Kurudi: tisa. Chai ya dakika kumi! Nikachukua rangi ya kucha ya Amida, nikachora mstari kuanzia kwenye delko mpaka kwenye mashine ili nimkamate mhalifu. Nikaweka sifuri. Nikamweka Amida akae juu ya bampa kama askari.

Saa saba: kumi na moja. Mstari wa rangi haujasogea hata unywele.

Kwa hiyo anazungusha, halafu anachora mstari upya. Constantin ana akili, hilo sikatai. Lakini alipitaje mbele ya Amida? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamuuliza kiume. Akajibu kwamba tuna miaka kumi na mmoja pamoja, na kama angetaka kuzungusha kitu angeanza na kichwa changu.

Nimeweka sifuri mara tisa leo. Mikono inanuka petroli na siwezi kula.

Ijumaa, 19 Mei

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Nimelijaribu lori na Mama Kulthumu kando yangu. Halina nguvu. Maji yanachemka, bomba la moshi limekuwa jekundu kama kaa. Mlimani tulipitwa na mtu wa baiskeli mwenye magunia mawili ya makala, mkaa wa kupikia. Akatusalimu! Mama Kulthumu akaniuliza hii ni nini. Nikasema mashine inatunza nguvu kwa ajili ya kesho. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili mpaka tukafika.

Baada ya sala ya Ijumaa nilibaki msikitini kuliko kawaida yangu. Imamu aliniuliza kama nimefiwa.

Jioni Constantin akavuka barabara. Akauliza, bila kejeli, kama niliuchomoa ule waya. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu lilitosha. Nikamwambia niliuchomoa zamani, hata kabla ya barua yake. Kwa nini nilisema hivyo? Mdomo ulisema wenyewe. Akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Basi, iko muzuri," akasema, akarudi kwake.

Nilitaka kumwita. Sikumwita.

Jumamosi, 20 Mei

Wacheza ngoma thelathini walipanda saa moja na nusu, vitenge vipya, ngoma tatu. Mwenze alikaa mbele, kati yangu na Mama Kulthumu, kalamu mfukoni. Nikawasha. Likawaka! Tulipita soko watu wakitupigia makofi, na kwa dakika nne nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Zaire.

Karibu na njia ya reli likapiga. Pa! Mlio wa bunduki kabisa. Pa! Pa! Nyuma, wacheza ngoma wote wakalala kifudifudi juu ya ngoma zao. Askari wawili waliokuwa wakilinda njia ya gwaride wakaja mbio, bunduki mkononi, wakauliza nani amefyatua. Mwenze akatoka chini ya dashibodi, kikoti kimejaa vumbi. Alinionyesha mimi. Nikainua mikono. Lori likapiga mara moja zaidi, peke yake, halafu likafa.

Saa mbili kasoro robo. Gwaride linaanza saa mbili. Mwenze akafungua kalamu, akaandika A, R, U. Niliona kila herufi. Mama Kulthumu hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara akalia, kimya, mbele ya bantu. Hilo lilinichoma kuliko kalamu.

Constantin alikuwa akienda kwenye gwaride kwa miguu na Brigitte. Alimpa Brigitte kofia, akawaambia askari mambo mawili matatu kwa heshima, akaomba taa. Nilikuwa nayo nyuma ya kiti. Akachomoa ule waya wa kahawia, mashine ikawashwa, akamulika, akazungusha delko kwa vidole viwili, akakaza, akainama tena nyuma ya mashine, mimi macho yakiwa kwenye kalamu ya Mwenze. Dakika sita. Lori likanguruma kama siku lilipotoka Amerika.

Tulifika wa mwisho, lakini tulifika. Mwenze alifuta herufi tatu. Mama Kulthumu alimkabidhi Constantin funguo, pale pale, na mimi nikarudi Katuba kwa miguu.

Jumapili, 21 Mei

Kitandani. Amida anasema nikamshukuru mtu aliyeniokoa. Nimekwenda saa ya misa makusudi, Constantin akiwa kanisani, nikamwachia jirani yake ile taa.

Nimewaza kutwa nzima. Nimeyaona kwa macho yangu. Ubaya wote ulikuwa ndani ya waya ule. Ulipotoka tu, mambo yakanyooka.

Jumatatu, 22 Mei

Nimekwenda uani kwa Mama Kulthumu kuchukua spana niliyoisahau. Yeye hayupo, yuko sokoni, kesho anaondoka kwenda Mokambo. Nikafungua kapo kidogo tu, kutazama.

Waya umechomekwa! Constantin anautoa mzizi wa ubaya, halafu anaurudisha mwenyewe mahali pake! Hapo ndipo elimu yake inapokoma. Na maskini mama anakwenda safari na kitu hicho.

Niliapa sitachomoa waya wa watu. Sikuchomoa. Nimekata, kwa koleo, pande zote mbili, asipatikane mtu wa kuurudisha. Nilipojaribu kuwasha kwa funguo zilizoachwa ndani, taa ndogo ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nimeibandikia karatasi. Sikumwambia mtu, wema hautangazwi.

Jumatano, 24 Mei

Mama Kulthumu aliondoka jana alfajiri, alikuwa arudi jana hiyo hiyo jioni. Bado. Lori linakwenda vizuri, nadhani amepitiliza mpaka ndani kabisa ya Zambia.

Mchana Constantin amepanda gari la Mokambo na sanduku lake la vifaa, uso umekunjamana, hata salamu yangu hakuijibu. Wivu, baba! Nimemwambia Amida anipigie pasi shati jeupe. Mama Kulthumu akija kunitafuta, nataka anikute nimependeza.