Neno Moja la Mkurugenzi

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Bukoba na Muleba kwamba, kuanzia sasa, hakuna neno litakalochaguliwa kwenye kompyuta za ofisi hii ya kahawa bila kuzingatia cheo cha anayelichagua.

Tangazo hilo alilitunga Kaimu Mkurugenzi Kahangwa mwenyewe, na alilipenda. Chanzo chake kilikuwa kitufe kimoja. Stellah, karani, binti wa mtaa wa Hamugembe, alikuwa anaandika programu ya kuwajulisha wakulima wa Buganguzi siku ya kupokelewa kahawa, wasije wakasukuma magunia kwa baiskeli na kukuta mlango umefungwa. Ili kazi iende haraka, aliifundisha kompyuta amri ndogo: ukibonyeza kitufe, neno lililo chini ya kishale linachaguliwa, tayari kufutwa au kubadilishwa.

Kahangwa alipoona, roho ilimuuma. Yaani karani akibonyeza anapata neno zima, sawasawa na mkurugenzi?

Kikao kikaitishwa, chai ikanywewa. Ikaazimiwa kwamba karani atachagua neno, mkuu wa kitengo mstari, na mkurugenzi maandishi yote. Tena kitufe cha kurudisha kilichofutwa kiondolewe, kwa kuwa uamuzi wa uongozi hautenguliwi. Stellah alisema taratibu kwamba huenda siku moja mkubwa akataka kugusa neno moja tu. Akajibiwa kwamba wakubwa hawana shida za neno moja.

Kahangwa alikuwa nayo. Juu kabisa ya programu paliandikwa "Kaimu Mkurugenzi", naye alikuwa amekaimu mpaka suti aliyoishona kwa ajili ya uteuzi imembana. Siku ya uzinduzi alikuja Mama Kokuberwa kutoka makao makuu, ambaye ndiye angemthibitisha au kumwacha. Kahangwa akaamua kumrahisishia: angelifuta neno "Kaimu" pale pale, programu ikiwa imemulikwa ukutani, watu wakizoee cheo chake kipya.

"Waitu, mzee wangu, niachie mimi nilifute," Stellah alimnong'oneza, akimsogezea glasi ya maji. "Kwa cheo chako..."

"Binti, cheo changu nakijua."

Akaweka kishale juu ya "Kaimu", akabonyeza. Maandishi yote yakageuka bluu. Alidhani ni heshima. Akafuta.

Ukuta ukabaki mweupe. Makofi yalianza, yakasita.

"Wakulima wako wapi?" Mama Kokuberwa aliuliza.

Kahangwa alieleza kwamba hiyo ilikuwa awamu ya kwanza. Alipoombwa arudishe, alinukuu azimio.

Ndipo Stellah akatoa flashi mkobani. Alikuwa ameweka nakala asubuhi ile, mzee asije akaaibika. Programu ikarudi yote, wakulima na kahawa yao, na juu kabisa, "Kaimu Mkurugenzi".

Kahangwa akanyoosha tena kidole. Mama Kokuberwa akaushika mkono wake kwa upole, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na jiko.

"Mwanangu," alimwambia Stellah, "kuanzia leo kila mtu achague neno moja moja. Na hilo la juu kabisa liache hapo hapo, mpaka tumpate mkurugenzi."